Mwenyekiti wa Kathonzweni

Sauda Hemedi alikuwa akimpimia mteja kitambaa cha dera wakati askari wa chifu alipoingia dukani na bahasha ya kahawia. Alitia sahihi kwenye daftari la askari bila kuuliza neno, akaiweka bahasha juu ya robota la khanga, akaendelea kupima. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, ameuza nguo Mwingi tangu marehemu mumewe alipokuwa kijana, na hakuwa na kesi na mtu wala ugomvi na serikali. Bahasha ingemtisha kwa lipi?

Alipomaliza sala ya adhuhuri ndipo alipoifungua. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza chake kilitosha kusoma majina ya viwanda kwenye marobota, si zaidi, basi akavuka barabara hadi kwa mdogo wake Mikail, aliyeuza vipuri vya baiskeli. Mikail alivaa miwani, akaisoma mara ya kwanza kimya na mara ya pili akitikisa kichwa.

"Dada," akasema, "wewe ni mwenyekiti wa nini huko Makueni?"

"Mimi? Makueni sina hata jirani."

"Hapa wameandika: kwa Mwenyekiti, Sauda Hemedi, Makao ya Mama Mjamzito, Kathonzweni. Hebu toa kitambulisho."

Alikitoa kifuani. Nambari ilikuwa ileile, tarakimu kwa tarakimu.

Mikail alimfasiria polepole. Sheria mpya ya mashirika ya hisani imeanza kutumika. Kila shirika lililoandikishwa kwa sheria ya zamani lijiandikishe upya, au livunjwe kwa taratibu zilizowekwa. Likikaa kimya hadi muda upite, litafutwa. Na kabla halijapata cheti kipya, haliruhusiwi kuomba mchango kwa umma, iwe kanisani, sokoni au kwa simu. Atakayejibu haya yote ni mwenyekiti.

"Umeibiwa jina," alisema Mikail. "Kuna watu wamejificha nyuma ya kitambulisho chako wanakula. Siku serikali ikija, itambeba nani? Nenda kesho Kitui, kwenye ofisi yao inayohudumia hadi Makueni, ukajitoe. Leo hii kama ungeweza."

Sauda hakulala vizuri. Alijaribu kukumbuka ni lini alimpa mtu kitambulisho chake. Alikumbuka benki, alikumbuka laini ya simu, alikumbuka uchaguzi. Kathonzweni hakuikumbuka hata kwa ndoto.

Huko Kitui alielekezwa mlango wa tatu, kisha mlango wa kwanza, kisha akarudishwa wa tatu, ambako alimkuta afisa aitwaye Mutunga, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyezungukwa na mafaili hadi mabegani.

"Nimekuja kujitoa," Sauda akamwambia, na kumpa barua.

Mutunga aliisoma, akapekua kwenye kompyuta, kisha akainuka na kuchimba katika kabati mpaka akapata faili nyembamba ya buluu. "Mama, kujitoa hapa kwa meza haiwezekani. Kujitoa ni uamuzi ya mkutano."

"Basi uitwe huo mkutano."

"Unaitwa na mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Ni wewe."

"Lakini mimi si mwenyekiti, baba. Ndilo nililokuja kukwambia."

Mutunga alikuna shingo. "Kama wewe si mwenyekiti, basi hakuna mtu ya kuita mkutano. Na kama hakuna mkutano, hujatoka. Kwa hivyo bado ni wewe."

Sauda alimtazama kuona kama anamfanyia mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alionekana kama mtu aliyewahi kuieleza habari hiyo mara nyingi bila kumridhisha yeyote, hata nafsi yake.

"Na wakikaa tu, wasifanye lolote?"

"Shirika inafutwa. Lakini ikifutwa bila hesabu na bila ripoti, maofisa wote watatu wanaulizwa. Wewe wa kwanza." Aliifungua faili. "Labda sahihi si yako? Kama ilighushiwa, hiyo ni kesi ya polisi, na inakuwa rahisi kidogo."

Aligeuza karatasi kuelekea kwake. Ilikuwa ya miaka kumi na mbili iliyopita. Chini palikuwa na sahihi tatu, na ya kwanza ilikuwa na ile herufi ya H yenye mkia uliorudi nyuma, mkia ambao mwalimu wake wa darasa la nne alimchapia na hakuweza kuuacha.

"Ni yangu," alisema Sauda. "Ni yangu kabisa. Sijui ilifikaje hapo."

Jina la pili lilikuwa Ndinda Kiema, katibu. La tatu lilikuwa Mulinge Musyoka, mweka hazina. Mulinge hakumjua. Lakini Ndinda! Ndinda alikuwa nesi aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yake Mwingi, mwanamke mwembamba wa kwenda mbio, akahamishiwa Makueni na wakapoteana kama watu wapoteanavyo. Mutunga alimwandikia nambari za simu zilizokuwa kwenye faili. Ya Ndinda haikupatikana, wala ya Mulinge.

Ndiyo maana Alhamisi ile, baada ya kupitia Machakos na Wote, Sauda alijikuta amesimama Kathonzweni na mkoba mkononi, akiuliza Makao ya Mama yako wapi. Hakuna aliyesitasita. Kila mtu alinyoosha kidole upande uleule.

Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye paa la mabati, tangi kubwa la maji pembeni na kamba iliyojaa nguo. Wanawake saba au wanane, wote na matumbo yao, walikuwa wamekaa kivulini wakichambua maharagwe. Kabla Sauda hajabisha hodi, mmoja wao alipaza sauti:

"Sauda! Wewe Sauda! Toka kwa hayo matope!"

Sauda alirudi nyuma hatua moja. Alitazama viatu vyake. Havikuwa na matope. Ndipo mtoto wa kike wa miaka mitatu alipochomoka nyuma ya tangi, magoti yamechafuka, akamkimbilia mama yule na kuficha uso kwenye leso yake.

"Umemwitaje mtoto?" Sauda aliuliza.

"Sauda, mwaitu. Karibu. Unatafuta mgonjwa?" mwanamke alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Jina hilo mmelitoa wapi? Nyinyi ni Waislamu?"

Wale wanawake walicheka. Aliyekuwa ameita, Wavinya kwa jina, alieleza kwamba hapana, wao ni wa kanisa, lakini hapo ndani ukutani kuna cheti chenye majina matatu, na mtu akikaa hapo wiki tatu akingoja uchungu husoma kila kilicho ukutani mpaka akakikariri. "Akina Ndinda tumeshajaa. Hilo la Sauda ndilo lilikuwa jipya. Sasa wako wanne hapa Kathonzweni, na mmoja huko Kikima, mama yake alikuwa amekuja kutembelea dada."

Sauda alijikuta ameketi kwenye kiti bila kukumbuka nani amempa. Akawaambia yeye ni nani. Maharagwe yaliachwa. Mmoja alikimbilia ndani, mwingine akaanza kulia bila sababu iliyojulikana, na Wavinya akamshika mikono yote miwili akisema, "Mũvea, mwaitu, mũvea mũno," asante, mama, asante sana, mpaka Sauda akaona aibu ya kupewa shukrani ambayo hakuwa ameifanyia kazi.

Wavinya alimpitisha chumba kwa chumba. Wanawake waliokuja hapo walitoka vijiji vya mbali na hospitali, akaeleza. Siku zikikaribia wanahamia Makao, wanangoja, na uchungu ukianza nesi yuko mlangoni na gari la kuitwa lipo. Yeye mwenyewe uzazi wake wa kwanza ulimkuta njiani, juu ya mkokoteni wa punda, mwendo wa saa tano kutoka kwao. Alisema hivyo tu, akaendelea kuonyesha vitanda. Huyu Sauda mdogo alikuwa wa pili, na sasa alingoja wa tatu.

Ndinda alifika saa kumi, kwenye pikipiki, amenenepa na nywele zimeingia mvi. Alipomwona Sauda chini ya cheti alisimama mlangoni.

"Mama Naila," akasema. Naila alikuwa binti wa pekee wa Sauda. "Hatimaye umekuja."

"Nimekuja kukuuliza ulinitia katika jambo hili kwa ruhusa ya nani."

"Yako."

"Ndinda, mwogope Mungu."

"Yako wewe mwenyewe! Ulikuwa umekaa eda. Nilikuja na karatasi nikakwambia natafuta mtu wa tatu, mwanamke anayeheshimika. Ukaniambia, kama ni jambo la kheri niandike, thawabu zimfikie marehemu. Hukumbuki?"

Miezi ile minne ya eda ilikuwa kwa Sauda kama chumba kisicho na dirisha. Watu waliingia na karatasi: za benki, za kiwanja, za hospitali, za msikiti. Zote alizitia sahihi. Maneno anayoambiwa yalifanana na maneno yake. Thawabu zimfikie marehemu. Ndivyo ambavyo angesema. Lakini alisema? Au Ndinda, aliyeishi naye mlango kwa mlango miaka mitatu, alijua tu ni maneno gani yangefanana naye?

"Sikumbuki," alisema.

"Nilikutafuta kila mwaka. Simu yako ilibadilika."

"Duka langu halikubadilika, Ndinda. Liko palepale."



Jioni alikuja Mulinge, mweka hazina, mzee wa kanisa mwenye koti lililopigwa pasi. Aliweka mezani fomu za kujiandikisha upya pamoja na daftari la kumbukumbu za mikutano. Tangu barua zitoke, alisema, hawajagusa mchango wa mtu. Kanisa lilikuwa limepanga harambee ya Makao, imesimamishwa; wafadhili wa zamani wanataka kuona cheti kwanza. Wakikosa cheti, mwisho wa mwezi vitanda vitakuwa vitupu. Kilichobaki ni mwenyekiti kuapa kwamba mikutano ya kila mwaka ilifanyika na yeye aliiongoza.

Sauda alifungua daftari. Mwaka wa kwanza, sahihi yake. Mwaka wa pili, sahihi yake. Mwaka wa tatu, wa nne, hadi wa kumi na mbili, mkia wa H umerudi nyuma kila mahali kama alivyozoea kuuandika. Alihesabu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kwake. Kumi na moja zilizofuata hakuziandika yeye, na zilikuwa nzuri kuliko zake.

"Ni nani?" akauliza.

"Mimi," alisema Ndinda. "Mikutano ilifanyika, wallahi kama mnavyosema nyinyi. Tulikaa, tukazungumza, haya yote ni kweli. Ni kiti chako tu kilichokuwa kitupu. Bila mwenyekiti ingekuwa si mkutano. Nikakuandikia."

"Ni kitu kidogo," Mulinge akasema kwa upole. "Mama, ukiapa hakuna atakayeumia. Usipoapa, wataumia hawa walioko nje."

"Na mimi nikiapa uongo?"

Mulinge alitazama koti lake.

Hasira ilimjia Sauda, lakini haikujua pa kukaa. Akimkasirikia Ndinda, anamwona Wavinya juu ya mkokoteni. Akimhurumia Wavinya, anaziona sahihi kumi na moja. Wanawake walimletea chakula wakiomba radhi: hawakuwa na uhakika nyama yao imechinjwaje, basi walikuwa wamemkaangia mayai. Asubuhi walimletea mayai tena. Alikula yote kwa sababu hakujua la kufanya, na kula kulikuwa jambo ambalo angalau alilielewa.

Aliomba asomewe daftari lote. Ilichukua asubuhi nzima. Mulinge alisoma, Ndinda akaeleza, Sauda akauliza. Hili tangi lilikuja mwaka gani? Kwa nini mwaka huu mlifunga miezi miwili? Huyu mama aliyefariki, mlifanya nini kwa watoto wake? Kila walichosoma alikitafuta kwa macho: tangi, vitanda, jiko la kuni, orodha ya waliojifungua iliyojaza madaftari manne.

Adhuhuri, baada ya kuswali katika chumba walichomtengea, alimwita Mulinge na kalamu.

"Andika kwa Kiswahili, nijue nasema nini. Mimi Sauda Hemedi nimefika Makao jana kwa mara ya kwanza. Sahihi ya kwanza ni yangu, ingawa sikumbuki kuitia. Sahihi kumi na moja zilizofuata si zangu. Zimeandikwa na Ndinda Kiema, naye amekiri mbele yangu. Yaliyoandikwa katika mikutano nimesomewa yote, na yale yanayoweza kuonekana nimeyaona. Nyumba ipo. Akina mama wapo. Naomba isifungwe kwa kosa la karatasi."

"Utanifunga!" Ndinda aliinuka. "Miaka kumi na mbili, Mama Naila, na hii ndiyo shukrani?"

"Sijui kama nakufunga. Sijui kama nawafungia hawa mlango au nawafungulia. Sijui chochote, Ndinda. Lakini jina langu nitaliandika mwenyewe safari hii."

Ndinda alitoka nje na kukaa kando ya tangi muda mrefu, mgongo umewaelekea. Mtoto Sauda alimwendea akampa jiwe, Ndinda akalipokea. Aliporudi ndani hakumtazama mtu. Alichukua kalamu, akaandika chini ya barua, *Ni kweli*, na sahihi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa mbaya, ya kukwaruza.

Kisha Sauda akaitisha mkutano wa kujitoa. Walikuwa watatu mezani na wanawake wanane mlangoni. Alitangaza anajiuzulu, Mulinge akaandika, karatasi ikawekwa pamoja na nyingine kwenye bahasha moja.

Mutunga alipoipokea bahasha huko Kitui alisoma ile barua akiwa amesimama, halafu akaketi akaisoma tena.

"Mama, kwa fomu kuna kuapa ndiyo, na kuna kuapa hapana. Hii yako haina mahali."

"Iweke panapofaa."

"Nitaituma Nairobi," alisema, na kwa mara ya kwanza Sauda akaona kwamba yeye pia hakuwa akijua.

Miezi miwili ikapita. Mikail alimwambia kila siku kwamba amejipalia makaa. Wakaguzi walienda Kathonzweni, wakahesabu vitanda, wakazungumza na akina mama, wakamhoji Ndinda siku nzima. Harambee haikufanyika. Kwa wiki tatu Makao yalibaki na wanawake wawili tu, waliokataa kuondoka, wakipikiwa na majirani muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliotoka majumbani mwao. Sauda aliposikia hayo alipeleka mablanketi, kisha akakaa akijiuliza kama kupeleka mablanketi ni kuomba mchango au ni kutoa, na kama kutoa pia kumekatazwa.

Majibu yalipokuja, Mikail alisoma mara tatu. Ndinda ameonywa na hataruhusiwa kushika wadhifa wa shirika lolote kwa miaka mitano, ila anaweza kuendelea kufanya kazi yake ya unesi. Makao yamepewa cheti cha muda cha mwaka mmoja na ruhusa ya kuomba michango. Mkutano ufanyike kila miezi mitatu, mwenyekiti akiwepo mwenyewe. Ofisi inamshukuru mwenyekiti, Sauda Hemedi, kwa ukweli wake na kwa kukubali kuendelea.

"Kukubali?" Sauda alisema. "Nilijiuzulu mimi."

Alipiga simu Kitui. Mutunga alipekua, akamwambia asubiri, akapekua tena. Karatasi ya kujiuzulu haikuwemo kwenye faili. Haikuorodheshwa hata kwenye ukurasa wa mapokezi. Mulinge aliapa kwa kanisa lake kwamba aliitia kwenye bahasha. Ndinda alisema yeye hakuigusa bahasha, na Sauda hakujua kama amwamini. Alijaribu pia kujiuliza yeye mwenyewe alipita wapi na bahasha ile kati ya Kathonzweni na Kitui, siku mbili nzima ikiwa mkobani mwake, na alikuwa ameifungua mara ngapi. Hakupata jibu la hakika.

"Mama, unaweza kuandika ingine," alisema Mutunga. "Ukitaka."

"Nitafikiria," alisema Sauda.

Mkutano wa kwanza uliangukia Jumatano. Alifunga duka, akamwachia Mikail ufunguo, akafika Kathonzweni mchana. Vitanda sita vilikuwa na watu. Wavinya, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume, alikuwa amechaguliwa katibu. Alikaa mezani na kalamu mpya, mtoto mgongoni. Mulinge alikuwa amevaa koti lake. Wazee wawili wa kijiji walikuwa wamealikwa kama sheria ilivyotaka. Ndinda alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono imefungwa kifuani, kwa kuwa hakuwa tena ofisa wa kitu chochote na hakuna aliyekuwa amemwambia asiingie.

Wote walimtazama Sauda. Alisawazisha mtandio wake. Katika maisha yake alikuwa ameongoza arusi, matanga na mashauri ya watoto wa ndugu, lakini hakuwahi kuongoza kitu chenye ajenda. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilianza na nambari moja na baada ya hapo hakuelewa.

Mtoto wa Wavinya akapiga chafya.

"Kwanza unauliza kama akidi imetimia," Ndinda alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

Sauda akawageukia walioketi na kuuliza kama akidi imetimia, akangoja wamjibu, kwa sababu hakujua akidi ni watu wangapi.